Jibu la Mashine ya Pili

Mume wangu si mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu nikishaanza kueleza huwa nasahau kulisema, na hasira zangu ziko karibu kama kibiriti mfukoni. Nimeishi naye miaka mingi, nimezaa naye, nimefua soksi zake, namjua. Ukimwita anakuja, ukimwomba anatoa. Ila alizoea mno kuwa yeye ndiye anayeitwa, na hapo ndipo mambo yetu yalipoharibikia.

Tunafanya kazi hospitali moja. Mimi niko mapokezi, nyuma ya kioo chenye tundu dogo la kuongelea, naandikisha wagonjwa. Yeye ni fundi mkuu wa mtandao, na ofisi yake iko chini ya ngazi, ubavuni mwa chumba cha mashine, chumba chenye baridi ya jokofu na kelele za feni mchana kutwa. Chini yake alikuwapo mdogo wake, shemeji yangu. Huyo nilimpokea akiwa bado na sare za shule, wiki ileile niliyoolewa, maana wazazi wao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Nimempikia, nimemsahihishia hesabu zake, nimemchapa mara moja tu na aliyelia ni mimi. Alipomaliza chuo kaka yake alimwombea nafasi ya mkataba hospitalini, na mkurugenzi akaahidi kwamba mkataba ukiisha vizuri ataajiriwa moja kwa moja. Ajira hiyo ndiyo aliyokuwa akiingojea ili ahame chumba alichoshiriki na mwenzake, apange nyumba yake mwenyewe, na nyumbani sote tuliingoja pamoja naye.

Sasa nieleze kazi yao kama nilivyoelezwa mimi, kwa lugha ya mtu wa mapokezi. Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba, namba ndefu ambazo hakuna mwenye akili timamu atakayezikariri. Kwa hiyo kuna mashine moja ambayo kazi yake ni kujibu swali moja tu kutwa nzima. Nikibonyeza mgonjwa apelekwe maabara, kompyuta yangu inaiuliza: maabara iko wapi? Inajibiwa namba, inakwenda. Wodi inauliza famasia iko wapi, famasia inauliza stoo iko wapi, na sisi tunaobonyeza hatujui hata kama kuna swali limeulizwa. Mashine hiyo ikinyamaza, kompyuta zote zinakuwa hai, nyaya zote zinakuwa salama, lakini hakuna inayojua mlango wa mwenzake.

Ndiyo maana shemeji, tangu alipoanza kazi, alikuwa akiimba wimbo mmoja: mashine ya pili. Iwe na nakala yake yenyewe ya majina yote, ikae jengo jingine, itumie njia nyingine ya umeme, ili ya kwanza ikifa hii ijibu na mtu yeyote asitambue. Kaka yake alikubali nusu. Mashine ilinunuliwa, ikawekwa chumba kilekile, rafu ya chini, karibu yake ili aione.

Shemeji aliitengeneza vizuri, ikawa inajibu sawasawa na mwenzake. Halafu asubuhi moja nakala ya majina kutoka mashine ya kwanza ilichelewa kufika. Eksirei walikuwa wamehamia mashine mpya. Ile ya kwanza ilijua, ya pili haikujua, na nusu ya picha za mifupa zikawa zinakwenda kwenye kompyuta iliyokuwa inangoja kutupwa. Daktari wa mifupa alimfuata mume wangu ofisini akampa za uso mbele za watu. Shemeji alirekebisha siku hiyohiyo, akaweka na alamu ya kumwarifu nakala ikichelewa tena. Lakini mume wangu aliumia. Nilimsikia mezani akisema fahali wawili hawakai zizi moja, nikacheka, nikadhani anawasema madaktari.

Nyumbani kwetu pia kulikuwa na fahali mmoja. Mtoto akitaka kwenda ziara ya shule, namwambia ngoja baba aje. Jirani akitaka kuazima ngazi, ngoja aje. Shemeji, mtu mzima mwenye ndevu, alipotaka kununua viatu vya kazini alimpigia kaka yake kumuuliza anunue rangi gani, na kaka yake alijibu, tena kwa dhati kabisa. Tulikuwa tukimtania kwamba siku akipotelewa na sauti tutakufa njaa chakula kikiwa mezani. Naye alicheka na kujinyoosha kwenye kiti, maana alipenda kutaniwa hivyo.

Siku ya msiba wetu wa mtandao ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, foleni imetoka hadi nje ya mlango. Mambo hayakuzimika kwa mpigo. Famasia ilitangulia, ikafuata maabara, kisha wodi moja baada ya nyingine, kwa sababu kompyuta hukumbuka jibu la mwisho kwa muda mfupi kabla ya kuuliza upya. Ya kwangu ilipoganda nilibonyeza, nikabonyeza tena, kisha nikafanya kile ambacho wataalamu wote wa mapokezi hufanya: nikaipiga kofi. Haikusaidia. Tukarudi kwenye karatasi. Wauguzi wakawa wanapanda na kushuka ngazi na majibu ya damu mikononi, wakiulizana nani kachukua ya nani. Mtoto mmoja aliyekuwa afanyiwe upasuaji aliahirishwa kwa kuwa majibu yake hayakujulikana yalipo. Mama yake alikuwa amemshindisha njaa tangu jana yake kama alivyoagizwa, na maneno aliyonitolea mbele ya kioo sitayarudia. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Hakuna aliyekufa siku ile, na kila nikikumbuka namshukuru Mungu.

Kule chini ya ngazi, diski ya mashine ya kwanza ilikuwa imeungua. Ya pili ilikuwa hai, taa zake za kijani zinapepesa kama kawaida, na haikujibu hata jina moja. Shemeji aliifungua, akaitazama kwa muda, akasema tu kwamba majina hayamo. Kisha akaomba kalamu. Alizunguka hospitali nzima, idara hadi idara, akiinama chini ya meza za watu kusoma namba za mashine zao, akija kwangu akanipita bila utani wake wa siku zote. Aliporudi alizichapa moja moja kwenye ile mashine ya pili, na kabla ya jua kuzama mtandao ukarudi. Watu walimpigia makofi. Naye akaomba maji ya kunywa.

Makofi hayakulala. Kesho yake mkurugenzi aliitisha kikao, na yaliyosemwa humo nilipewa na katibu muhtasi wake, ambaye ni rafiki yangu na hanifichi kitu. Mkurugenzi aliuliza mashine ya pili ilikuwa kazi ya nani. Shemeji akasema ni yake. Akaulizwa kwa nini haikujibu. Alimgeukia kaka yake, kisha akasema aliijenga ijibu. Basi mkurugenzi akamtaka fundi mkuu atoe maoni, na mume wangu akasema kwamba suala hilo linahitaji uchunguzi. Ndivyo alivyosema, linahitaji uchunguzi, kama msemaji wa wizara. Mkurugenzi hakuwa na haja ya uchunguzi. Mama wa yule mtoto alikuwa ameshafika kwa wakubwa wake na lawama zilihitaji mtu wa kuzibeba. Mkataba wa shemeji ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, akaamua uachwe uishe.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mume wangu anapiga pasi. Huyu mtu akiwa na jambo moyoni hupiga pasi, na siku hiyo alikuwa ameshamaliza mashati, amemaliza shuka, yuko kwenye taulo. Nikamuuliza kulikoni. Akajibu bila kuinua macho.

"Ile mashine ya pili niliigusa mimi."

Nikakaa kitini. Akaeleza. Baada ya fedheha ya zile picha za mifupa, mdogo wake alipokwenda mafunzoni, aliingia kwenye mashine ya pili akafuta nakala yote ya majina, akazima na ile alamu. Badala yake akaiagiza kitu kimoja: ikiulizwa lolote, iende ikaiulize ya kwanza, kisha ilete jibu hilohilo. Hivyo hakuna tena majibu mawili. Alipanga amwambie mdogo wake akirudi, lakini mdogo wake alirudi na furaha ya mafunzo na cheti chake, naye akaona si wakati. Siku zikapita, mashine zikawa zinajibu vizuri zote mbili, na jambo likafunikwa na mengine. Kumbe kwa muda wote huo tulikuwa na mashine moja na nyingine ya kuigiza. Ya kwanza ilipoungua, ya pili ilikuwa inakwenda kumuuliza maiti.

Nilimwambia amwambie mkurugenzi. Akasema Jumatatu.

Jumatatu mkurugenzi alikuwa amesafiri. Aliporudi alirudi na mafua, na mgonjwa hapewi habari mbaya. Alipopona, mume wangu akasema ngoja hasira zake zipoe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamwambia, na tumbo linaloumia hapa si lako. Mara mbili nilivua koti la kazi niende kwa mkurugenzi mwenyewe. Mara mbili alinishika mkono, akanisihi kwamba neno hili lazima litoke kinywani mwake, na nikaona ana haki. Leo najuta kwamba nilimwonea huruma.

Katika Jumapili za wiki hizo shemeji aliendelea kuja kula kwetu kama kawaida yake. Tena alikuwa anakaa zaidi ya kawaida. Akishakula alitengeneza bomba lililokuwa linavuja, alicheza na watoto, kisha alikwenda kukaa na kaka yake barazani. Mimi niliwaita watoto ndani makusudi. Nilisimama jikoni na sahani moja mkononi, nikiisugua huku nimetega sikio, na nilichosikia ni habari za breki za gari, bei ya saruji, umuhimu wa kijana kujiwekea akiba. Shemeji alijibu ndiyo kaka, kweli kaka. Halafu mume wangu anaanza tena na saruji. Nilitamani niwarushie ile sahani.

Mwezi uliisha na mkataba ukaisha nao. Shemeji alipata kazi mji mwingine, kampuni ndogo ya kufunga nyaya kwenye majengo, kazi ya kupanda ngazi na kutoboa kuta. Alikuja kutuaga na begi lake begani. Watoto walimning'inia miguuni. Mume wangu alimwambia atafute chumba cha ghorofani, maana vya chini vina unyevu, na akifika atujulishe. Shemeji akasema sawa, kaka. Alisimama kidogo pale barazani akipangua na kupanga mkanda wa begi. Kisha akaenda, na mume wangu akachukua ufagio akafagia baraza niliyokuwa nimeshaifagia.

Alikwenda kusema wiki iliyofuata. Alipiga moyo konde, akaingia kwa mkurugenzi asubuhi kabla ya chai, akayatoa yote. Sitamnyima hilo. Mkurugenzi alimsikiliza, akamshukuru kwa ukweli wake, akampa barua ya onyo, akamwambia kwamba nafasi ya mdogo wake imeshapata mtu. Alikuwa binti mmoja mwenye heshima zake, mchapakazi, sina ubaya naye hata kidogo. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Basi wakapewa kazi ya kuijenga upya, mume wangu na yule binti. Mashine ya pili ikahamishiwa jengo la wodi ya wazazi, kwenye umeme wa njia nyingine, ikapewa nakala yake kamili ya majina na alamu ya kulia nakala ikichelewa. Ikaongezwa na ya tatu. Kila alichopendekeza yule binti, mume wangu alikuwa ameshakisikia kutoka kwa mdogo wake kwenye meza ileile, na kila mara alikubali kwa sauti ya chini. Siku ya majaribio waliamua kuizima ile ya kwanza katikati ya mchana, hospitali ikiwa imejaa, bila kumtangazia mtu. Mume wangu ndiye aliyechomoa waya kwa mkono wake. Mimi nilikuwa namwandikisha mzee mmoja mwenye kikohozi, nikamtuma maabara, akaenda. Nikamwandikisha mwingine. Mara namwona mume wangu mbele ya kioo changu, ameshika waya wa umeme kama mtu aliyeua nyoka.

Aliniuliza kama kuna shida yoyote. Nikamuuliza shida gani. Akatazama foleni inavyosogea, akatazama skrini yangu, kisha akasema taratibu, "Haijulikani hata kama nimezima." Nilidhani atafurahi. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa, katikati ya watu wanaokohoa, na waya wake mapajani. Wanasema majuto ni mjukuu, lakini ya mume wangu yalikuwa yameshakua, yana meno. Nilimtuma muuguzi ampelekee maji, kwa sababu mimi nilikuwa na foleni na pia nilikuwa bado nimemkasirikia.

Nyumbani aliniomba niende nikamwone mdogo wake, nikamwambie kwamba ameshasema kwa mkurugenzi. Nikamuuliza yeye ana miguu mingapi. Akasema atafuata, nimtangulie tu. Nilikwenda, na sikwenda kwa ajili yake, nilikwenda kwa sababu kijana nilikuwa nimemkumbuka.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, kidogo, kisafi, na mizunguko ya nyaya imetundikwa ukutani kwa misumari. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya saruji. Alinichemshia chai, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja, na nani ameng'oka jino. Nilipoona chai inaisha na sijasema nililotumwa, nikasema: mashine ile aliigusa kaka yako, na ameshakwenda kukiri kwa mkurugenzi, na anakuomba radhi. Hilo la radhi niliongeza mwenyewe njiani.

"Najua, shemeji," akasema.

"Unajua kwamba amekiri?"

"Hilo silijui. Najua kwamba ni yeye. Nilijua tangu nilipoifungua siku ile. Nywila ya mashine ile tulikuwa nayo watu wawili tu, na mimi sikufuta."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kikaoni. Akanitazama kama nimesema kitu cha ajabu.

"Nimseme kaka yangu mbele za watu? Aliyenisomesha?" Akazungusha kikombe chake mezani. "Mkataba ungepatikana mwingine, shemeji. Mimi nilikuwa nakuja kwenu Jumapili nikingoja aniambie. Mimi tu. Hata mkurugenzi asingejua mpaka leo. Angeniambia pale barazani, ningeubeba ule mzigo mpaka mwisho, na bado ningekuja kula."

Nikamuuliza, na sasa je, utakuja?

"Siku hizi Jumapili nina kazi nyingi," akasema, akainuka kuosha vikombe.

Katika safari ya kurudi nilipanga maneno laini ya kumpelekea mume wangu. Nilikuwa nayo tayari, mazuri, ya kuponya. Nilimkuta barazani amekaa kiti kimoja na cha pili kiko wazi kando yake, na yale maneno yote yakaniponyoka. Akaniuliza mdogo wake amesemaje. Nikamwambia: alijua. Alijua tangu siku ileile, na Jumapili zote zile alikuwa anakungoja wewe ufungue kinywa. Nilitaka yamuume. Nilikaa kumtazama yakimwingia.

Hakushtuka.

"Nilijua kwamba anajua," akasema. "Alipoifungua nilikuwa nimesimama nyuma yake. Aligeuka akanitazama, ndipo akaomba kalamu. Nilijua palepale."

"Sasa kwa nini, baba watoto?"

"Angekuwa hajui ningemwambia siku hiyohiyo. Lakini anajua, na amenifichia, na kila Jumapili anakuja kunipa nafasi. Nimemlea mimi yule. Nilikuwa nikimwona anaingia pale mlangoni, naona aibu, naanza kuzungumza saruji."

Niliketi kwenye kile kiti cha pili. Baadaye nikamwambia lile lililobaki, kwamba mdogo wake siku hizi Jumapili ana kazi nyingi. Akatazama mlango wa uzio.

"Jumapili zote?" akaniuliza.

Shemeji hakuwa amesema hivyo. Ningeweza kumjibu sijui, na ungekuwa ukweli mtupu. Nilimtazama mume wangu, mtu mzuri, mtu wa kuitwa na watu, na sikuweza kumpa hata Jumapili moja.

"Zote," nikasema.